Rangi kwa Macho ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo. Imenikuta njiani sina mwavuli, nikafika studio viatu vinatoa maji kila hatua. Bosi alitazama miguu yangu, akatazama sakafu yake, akasema, "Kaka, ukiugua wewe, nani atanitilia rangi harusi zangu?" Nimeshamzoea. Hiyo ndiyo pole yake.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Harusi ya bibi arusi mwenye viatu vya bluu. Sijaimaliza.

Alhamisi, 7 Machi

Mteja ametuma ujumbe kwamba anataka rangi laini. Siku hizi wote wanataka laini. Zamani walitaka zing'ae mpaka macho yaume. Sasa wanataka harusi ionekane kama jambo linalokumbukwa, si jambo linalotokea.

Kamera zetu hurekodi picha mbichi, ya kijivukijivu, makusudi, ili rangi itiwe baadaye. Mtiaji ni mimi. Natumia majedwali ya rangi. Jedwali ni faili dogo tu, limejaa namba: rangi hii ikiingia, itoke ile. Nyekundu ya mdomo inaingia, inatoka kama ua lililokauka. Kijani cha majani kinatoka kama kimepakwa majivu. Weusi unalegezwa usiwe weusi kabisa, na weupe unashushwa usichome. Ukilipachika jedwali juu ya video nzima, harusi yote inatulia kama chumba kilichofungwa mapazia.

Hilo tunalotumia zaidi nililitengeneza mwenyewe mwezi Desemba, nikaliita Utulivu. Bosi analipenda kuliko mengine yote. Mke wangu nilimzika Novemba.

Jumapili, 10 Machi

Nimekwenda kumsalimia mama mkwe. Sikuwa nimekwenda tangu mwaka uanze, na ukweli ni kwamba namwogopa. Siku ya maziko alipita mbele yangu nimesimama mlangoni, karibu kabisa, nikasema, "Shikamoo, mama," kwa sauti ambayo labda haikutoka, naye akanipita kama anapita kabati. Tangu siku hiyo nimekuwa na hakika kwamba ananilaumu. Mwanawe aliumwa wiki tatu tu, na aliumwa mikononi mwangu.

Leo alinikaribisha vizuri. Alinishika kifundo cha mkono, akakizungusha kwa vidole. "Mkwe, umekwisha. Unakula au unasimuliwa chakula?"

"Nakula, mama."

"Mikono haisemi hivyo."

Amekuwa fundi cherehani maisha yake yote. Cherehani bado ipo dirishani, imefunikwa kitambaa. Anasema aliacha kushona kwa sababu ya mgongo.

Kisha akaniambia jambo lililonifanya nisitake chai tena. Shemeji, mwanawe wa kiume, anakuja kumchukua mvua zikiisha, akakae naye huko kwake, mbali. Nyumba anayopanga itarudishwa kwa mwenyewe. "Kabla sijaondoka," akasema, "nitengenezee mwanangu. Najua unazo picha zake za kutembea. Nataka nimwone."

Ninazo. Kila kamera mpya ilipoingia studio niliipeleka nyumbani kuijaribu, na wa kujaribiwa alikuwa mke wangu. Akimenya, akifunga kamba za viatu, akinikimbiza nitoke jikoni. Miaka tisa ya majaribio. Sijazifungua tangu Novemba.

Jumatano, 13 Machi

Nimezifungua. Mbichi, bila rangi, anaonekana kama amesimama nyuma ya moshi. Nilipachika Utulivu mara moja, kabla sijamtazama vizuri.

Ijumaa, 15 Machi

Umeme ulikatika mara mbili. Bosi amegombana na jenereta.

Jumamosi, 16 Machi

Filamu inaenda vizuri. Kuna sehemu amevaa sweta lake la rangi ya chungwa, lile alilolivaa mpaka viwiko vikatoboka. Katika Utulivu limekuwa rangi ya chai ya maziwa. Ukilitazama halikupigi kifuani. Alikuwa na tabia ya kucheka kabla hajafika mwisho wa kichekesho chake mwenyewe, hata tusijue kilichochekesha ni nini. Sauti nimeiondoa, nimeweka kinanda.

Jumamosi, 23 Machi

Nimempelekea mama filamu. Tumeitazama kwenye TV yake, yeye kwenye kiti chake, mimi kwenye kigoda. Alikaa kimya mwanzo hadi mwisho, mikono magotini. Ilipokwisha akasema, "Nzuri sana, mkwe. Imetulia. Na kinanda kimetulia." Halafu akaongeza, "Na lile gauni jeupe lilivyompendeza, jamani."

Nikashukuru, nikatoka. Nilitembea kwenye mvua nikijisikia mwepesi kidogo. Nilidhani amenisamehe.

Jumapili, 24 Machi

Nimeamka nikiwaza lile gauni jeupe.

Hakuna gauni jeupe. Nimeitazama filamu yote tena, kipande kwa kipande. Kuna sweta, kuna blauzi ya mistari, kuna kanzu ya kulalia ya kijani. Nyeupe hakuna hata leso.

Nikampigia shemeji. Nikamweleza kuhusu gauni. Akaguna. "Kwani mama hakukwambia?"

"Aniambie nini?"

"Macho, bwana. Ana presha ya macho. Mwaka wa tatu huu. Pembeni haoni kabisa, amebaki na kitundu cha katikati, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kufuli. Hicho nacho kina ukungu. Daktari kasema kilichopotea hakirudi, matone ni ya kulinda kilichobaki. Unadhani namchukua kwa nini?"

"Aliniambia aliacha kushona kwa sababu ya mgongo."

"Mgongo wake mzima kuliko wangu. Yule hataki kuonewa huruma. Akija mgeni anasifia kila kitu, ili mradi asijulikane."

Akakata simu.

Basi mama alikaa mbele ya filamu yangu akiwa haoni kitu, akanisifia ili asiniumize, akakisia gauni. Na mimi nilikuwa nimefanya kila linalowezekana ili asione. Weusi nimeulegeza, weupe nimeushusha, uso na ukuta nimevipatanisha mpaka vikawa ndugu. Mwenye macho mazima anaona upole. Yeye ameona uji.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo lililonitoa machozi. Siku ya maziko mimi nilikuwa nimesimama ubavuni mwa mlango. Ubavuni. Hakunipita kwa chuki. Hakuniona. Mwanamke amemzika mwanawe akiwa anachungulia kwenye kitundu, na mimi miezi minne nimejikalia nyumbani nikimnunia.

Jumatatu, 25 Machi

Bibi arusi wa viatu vya bluu amerudisha video. Fundi Sauti, tunayekaa naye chumba kimoja, alisimama nyuma yangu akiitazama, mkate mdomoni. "Kaka, samahani lakini. Hii ni harusi au ni..." Akajikumbuka, akatafuna mkate kwa nguvu.

"Sema tu," nikamwambia.

"Ni msiba," akasema taratibu. "Hivi viatu ni vya bluu kweli? Mimi naona vya kijivu."

Nikaiweka kando ya harusi niliyoitia rangi Januari. Utulivu wa Januari ulikuwa na damu kidogo. Kila mwezi nimekuwa nikiupunguza bila kujua, kwa sababu jicho huzoea: ukishinda kwenye rangi zilizofifia, kesho zilizofifia zinaonekana kali, nawe unapunguza tena. Nilidhani naboresha. Bosi hakunifokea. Alivuta kiti, akakaa, akasema, "Rudia, kaka. Pole pole." Sikujua kwamba anaweza kusema pole pole.

Jumapili, 31 Machi

Nimekwenda kwa mama na kompyuta mpakato. Njiani nilipanga maneno mazuri. Nilipofika yakanitoka yote, nikasema, "Mama, hakuna gauni jeupe."

Akalaza kichwa upande, na sasa najua kwa nini: alikuwa akinitafuta kwenye kitundu chake, mpaka akanipata.

"Nani kakwambia? Yule mropokaji?"

"Nimempigia mwenyewe."

"Nilidhani bibi arusi yupo mahali fulani," akasema. "Nyie watu wa video hamna kazi bila bibi arusi." Akaanza kucheka, na mimi nikacheka, kisha akaacha, akanishika mkono. "Nilijaribu, mwanangu. Niliona kitu kinapita. Nilijua ni yeye kwa sababu wewe ulivuta pumzi."

Ndiyo mara ya kwanza kuniita mwanangu.

Nikamwambia kuhusu siku ya maziko. Alinisikiliza, mdomo wazi. "Ulikuwa mlangoni? Mimi niliuliza mchana kutwa, mkwe wangu yuko wapi, kwa nini haji kunishika mkono. Nikasema basi, kijana ameshachoka na sisi." Nje maji yalikuwa yanapiga bati la jirani, na sote wawili tulijifanya tunasikiliza hilo.

Baadaye nikamketisha mbele ya skrini, nikachukua picha moja ya mke wangu akiwa dirishani, nikaanza kuzungusha vitufe vya rangi na mwanga.

"Hapa?"

"Uji."

"Hapa?"

"Uji wenye sukari."

Nikaongeza weusi. "Hapa?"

"Kuna mtu. Mnene."

"Hilo ni pazia, mama."

"Basi limenenepa."

Nikaongeza mwanga. Akafunika macho kwa kiganja. "Unanichoma! Unataka kumalizia na hiki kilichobaki?"

Lilikuwa ni lile dirisha nyuma ya mke wangu, jeupe, lilimeza kila kitu. Tulijaribu mpaka akachoka. Uso hakuuona hata mara moja. Aliona sweta. "Hiyo chungwa naijua," akasema, na mtu aliyeshona miaka yote ile hakosei rangi. "Sweta lipo. Mwenye sweta ndiye hayupo."

Jumatano, 3 Aprili

Natengeneza jedwali jipya, la mtu mmoja. Kinyume cha yote niliyozoea: weusi uwe weusi, ngozi iwake, chungwa liwe chungwa. Fundi Sauti alichungulia. "Kaka, hii sasa ni pipi."

Sikumweleza kwamba kila baada ya dakika chache naacha kutazama, natoka barazani, narudi. Rangi zikiwa laini, mke wangu alikuwa amekwenda zake. Zikiwa kali hivi, ni kama yuko chumba cha pili na ataniita sasa hivi nikamfungulie kopo.

Alhamisi, 4 Aprili

Mvua. Sikufanya kitu.

Jumapili, 7 Aprili

Jedwali jipya nalo halifai. Leo nimelijaribu kwa mama: sehemu nyingine zinaungua, nyingine zinazama. Kurudi nyumbani nimeelewa kosa, na ni kosa la mtu aliyezoea njia ya mkato. Jedwali halijui uso. Linajua rangi tu. Ukuta wa krimu na shavu la mke wangu vikiwa na rangi moja, kwalo ni kitu kimoja, litavipandisha pamoja na kuvishusha pamoja. Jedwali haliwezi kumtafuta mtu kwenye picha. Lazima amtafute anayemjua.

Kwa hiyo ni kazi ya mkono. Kila kipande nimzungushie mstari, nyuma yake pazamishwe gizani, uso uinuliwe, kisha nimvute katikati na kumkuza, maana mama anaona katikati tu. Na nimwache hapo muda mrefu, macho yake yapate kumfikia. Filamu niliyokuwa nayo ina vipande vingi. Nitabakiza vichache.

Jumatatu, 8 Aprili

Shemeji amepiga simu. Likizo yake imesogezwa mbele. Anamchukua mama Jumamosi ya tarehe ishirini, mvua ziishe zisiishe. Nikamwomba aniachie wiki moja. "Bwana shemeji," akasema, na sauti yake haikuwa mbaya, "ningekuwa na wiki ya kugawa ningeanza kujigawia mimi." Akanieleza pia kwamba daktari hana hakika kitundu kile kitadumu hadi lini.

Kwa hiyo ni sasa.

Ijumaa, 12 Aprili

Uso mmoja umechukua siku nzima. Anageuka, mstari unamkosa. Anainama, mstari unamkosa. Alikuwa hatulii kabisa yule mtu.

Jumapili, 14 Aprili

Leo nimerudisha sauti. Kinanda nimekitoa. Sauti yake imejaa chumbani: "Acha kunirekodi, njoo ushike hii sufuria." Nikajibu. Nilijibu kwa mdomo, "Nakuja." Halafu nikakaa.

Jumanne, 16 Aprili

Bosi aliniuliza ninaficha nini kwenye kompyuta yake. Nikamwonyesha. Alitazama kipande kimoja, akakirudia. "Ni kibaya kitaalamu," akasema. "Mipaka inaonekana. Nyuma yake kama shimo." Nikasema ndiyo, najua. Akakirudia tena. "TV ya mama ni ya ukubwa gani?" Nikamwonyesha kwa mikono. Akacheka puani. "Chukua ile skrini kubwa ya wateja. Nitakupeleka Ijumaa mwenyewe na gari. Ikinyeshewa mvua, lala hukohuko." Miaka yote hii nilidhani mtu huyu hana moyo, kumbe ana aibu.

Ijumaa, 19 Aprili

Bosi alinishusha mlangoni na skrini imefungwa blanketi, akakataa kuingia. Ndani mizigo ilikuwa tayari, cherehani haipo, imegawiwa. Shemeji alikuwa amefika jana. Alinisaidia kuiweka skrini juu ya sanduku, kisha akasimama nyuma, mikono kifuani, kama mtu asiyetegemea kitu.

Nilifunga mapazia. Nikamvutia mama kiti. Akasema kiko mbali. Nikakisogeza. "Bado." Mwishowe pua yake ilikuwa karibu kuigusa skrini, na shemeji akasema, "Mama, utaingia humo." Akamjibu bila kugeuka, "Ndiko ninakokwenda. Nyamaza."

Nikawasha.

Kipande cha kwanza kilipita. Alikuwa anapapasa, kichwa kinakwenda kushoto, kinarudi. Akaisikia sauti ya mwanawe ikisema njoo ushike hii sufuria, mabega yake yakapanda. Kipande cha pili kikapita. Sikuweza kumtazama, nikaitazama sakafu. Kipande cha tatu ni kile cha dirishani. Dirisha nimelizima kabisa, limekuwa usiku. Umebaki uso peke yake, mkubwa, umegeuka kidogo, unasikiliza kitu nje.

Kichwa cha mama kikasimama.

"Simamisha."

Nikasimamisha.

Akanyoosha kidole, akakiweka kwenye skrini, kwenye paji la uso. Kikashuka puani. Kikapita kwenye nyusi, taratibu, kama anapima mshono. Akaenda hivyo hadi karibu na sikio, kikakwama hapo. Akasogea zaidi.

"Hiki nini?"

"Wapi, mama?"

"Hapa. Vyeupe."

Nikainama pale alipo. "Ni mvi, mama."

"Mvi za nani?"

"Zake."

Akageuka kunitafuta, akanikosa, akarudi kwenye skrini kabla hajaupoteza uso. "Mwanangu alikuwa na mvi?"

"Chache. Alikuwa ananituma nizing'oe. Mimi nilikuwa nakataa."

Shemeji alikuja mbele, naye akainama. Sote watatu vichwa vimegusana mbele ya mvi tano au sita ambazo mimi mwenyewe, katika Utulivu, nilikuwa nimezizamisha pamoja na nywele nyingine bila hata kuziona.

"Nimekuwa nikimlilia mtoto," mama akasema. "Kila siku nalia, naona namlilia mtoto wa shule, mwenye soksi. Kumbe nilikuwa na mtu mzima. Mtu mwenye mvi zake." Akaanza kulia, kisha akacheka katikati ya kilio. "Na hakuniambia! Aliona aibu kunifikia kwa uzee."

Akaniomba nisiendeshe mbele. Vipande vilivyobaki, kazi yote ile, hakuvitaka. Tulikaa na ule mmoja umesimama mpaka shemeji akasema chakula kinapoa.

Jumamosi, 20 Aprili

Wameondoka asubuhi. Alininyooshea mkono dirishani mwa gari, lakini upande ambao sikuwepo. Nikazunguka nikaushika.

Jumapili, 21 Aprili

Sina pa kwenda Jumapili.

Jumatatu, 29 Aprili

Mvua kidogo. Nimemaliza kuirudia harusi ya viatu vya bluu. Laini, lakini viatu ni vya bluu. Mteja ameridhika. Utulivu nimeufuta kwenye kompyuta ya studio; Bosi ameniuliza, nikamwambia nitatengeneza mwingine. Nyumbani nimekula mkate nimesimama.

Jumanne, 7 Mei

Leo jua limetoka kutwa nzima, watu wameanika magodoro.

Mama amepiga simu. Nilimuuliza macho, akasema tusiongelee macho. Kitundu kimezidi kuwa kidogo, shemeji alinidokeza wiki iliyopita. Akaniuliza zile mvi zilianza mwaka gani.

Nikamwambia, mwaka tulipohamia nyumba hii. Aliiona ya kwanza kwenye kioo cha bafuni, akapiga kelele nikadhani ni nyoka.

"Upande gani?"

"Kushoto. Juu ya sikio."

Nilisikia redio ya shemeji nyuma yake, na mtu anasogeza kiti.

"Zangu pia zilianzia hapo," akasema.